Treni ya Bububu Yafika Maskati

Miaka ile ya sitini, katika forodha ya Maskati, nilisimama nyuma ya mzee mmoja aliyetoka Unguja. Afisa mwenye mvi alifungua kasha la mzee, akatoa treni ya bati, ndogo kama kiganja, na vijireli vyembamba.

"Chombo cha moto hiki," alisema kwa Kiarabu. "Kinataka ruhusa ya Sultani. Kama huna, kinarudi."

Mzee alishika ukingo wa meza. Kwa wahka, Kiarabu kilimkimbia, akajibu kwa Kiswahili.

"Mwanangu, nnaunga reli ya Kimarekani nyumbani, ya kujifurahisha tu. Ni kama ile waliyotujengea Wamarekani kule Unguja, ya Bububu."

Afisa aliisukuma treni kwa kidole, taratibu, mpaka mwisho wa meza.

"Ikipita kwetu Malindi," alisema, naye sasa kwa Kiswahili, "mama yangu akikimbilia kuanua nguo, cheche zisizitoboe."

Akalitia kasha alama ya chaki.

"Pita, ami. Lakini usiiendeshe karibu na kamba ya nguo."

Nchi nzima haikuwa na reli hata shubiri moja. Sheria ya reli tulikuwa nayo tayari, na aliyeitunga ni mama mmoja wa Malindi.