Ngumi Juu ya Ramani

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, na Brussels ya miaka ya tisini haikunipunguzia hata kidogo. Nililala sebuleni kwa tonton, mdogo wake mama, juu ya mkahawa wa Kikongo kule Ixelles. Mchana nilisoma jiografia. Msidhani niliipenda. Nilihitaji kadi ya ukaazi, na kadi ilitaka nifaulu mtihani. Karatasi za tonton zilikuwa bado zinasubiri majibu, donc, basi, mtu wa kusaini mwaliko ili mama atoke Bukavu nilikuwa mimi peke yangu. Vita vilikuwa vimeshaingia mjini na simu hazikupita. Nikifaulu, mama anakuja. Nikianguka, ndiyo basi.

Tena nilikuwa nimeshaonywa. Darasani tulisoma jinsi jamhuri changa ya Amerika ilivyonunua kwa Wafaransa nchi kubwa upande wake wa magharibi, halafu ikatuma wanajeshi kwa mashua na mitumbwi wakaichore: mito, milima, mpaka bahari ya upande wa pili. Kijana mmoja wa mtaa wa Koekelberg, tuliyekaa naye benchi moja, akasema wale jamaa walikuwa na bahati, nchi ilikuwa tupu.

"Kama ilikuwa tupu, bunduki walibeba za nini?" nikamwuliza tukishuka ngazi.

Akacheka. "Za dubu. Na za watu wa aina yako."

Nilimpiga palepale. Meno yake yalinichana vifundo vya vidole, naye akaviringika hadi chini. Mkuu wa shule aliniita akaniambia neno moja tu: ngumi nyingine, unaondoka. Jioni tonton naye akanipokea nalo mlangoni.

"Weye mutoto, unapiganisha bazungu kwabo? Maman yako atakuja na nini, na ngumi yako?"

Mtihani ulikuwa wa kusema, mbele ya profesa mzee na mama mmoja msaidizi wake. Ramani ya Amerika ilitundikwa ukutani, nyuma kabisa ya kiti cha profesa. Niliieleza safari ile vizuri, hata nikajishangaa: walivyopanda mto mkubwa, walivyokaa majira ya baridi kwa wenyeji, wenyeji hao walivyowachorea mito kwa mkaa juu ya ngozi, na ramani ile ikaenda kuitwa ya wageni. Kisha nikafika safari ya kurudi. Kikundi kidogo kililala kando ya kijito pamoja na vijana wa pale. Alfajiri vijana wakajaribu kuchukua bunduki na farasi. Mmoja alichomwa kisu cha moyo, mwingine akapigwa risasi ya tumbo. Na maiti mmoja wakamvisha shingoni medali ya serikali yao, ili wenzake wakija wajue ni nani amepita.

"Wapi hapo?" profesa akauliza. "Onyesha."

Sikufikiri. Kwetu mahali walipolala wafu hapanyooshewi kidole. Unakunja ngumi, unaelekeza kwa vifundo. Nilipokuwa mdogo niliwahi kulinyooshea kidole kaburi la babu, na mama akanipiga mkono huo kwa mwiko wa bugali mpaka ukavimba. "Unamutukana," aliniambia. Basi mkono ukajikunja wenyewe, ukapita karibu na sikio la profesa, ukagonga ramani.

Profesa akapiga yowe. Sifa zangu alikuwa anazijua. Mlinzi akaingia mbio kutoka koridoni, akanikaba shingo, akanibamiza uso mezani. Damu ya pua ikatapakaa. Nikamtia kiwiko cha mbavu. Akakamata kidole changu cha kuonyeshea, cha mkono wa kulia, akakipinda nyuma mpaka kikalia ko! Nilimtukana kwa Kiswahili, matusi ambayo hapa siyaandiki.

"Mwache!" yule mama akapaza sauti. "Alikuwa anaonyesha ramani!"

Akaniuliza kwa nini ngumi. Nikamweleza, damu ikiniingia mdomoni. Profesa akanung'unika kwamba huku watu huonyesha kwa kidole.

"Kidole amekivunja mtu wenu," nikamjibu. "Nionyeshe kwa kipi?"

Yule mama aliinuka, akaitazama ramani mahali nilipogonga, akarudi kuketi, akaandika alama. Nilifaulu.

Hospitali walikifunga kidole kwenye kipande cha bati, kimenyooka kabisa. Sikujali. Nilipanda basi la Chaussée d'Ixelles uso umevimba, nacheka peke yangu, abiria wakanipisha kiti. Mama anakuja! Nilishaanza kumpangia: yeye alale sebuleni, mimi nitajibanza jikoni.

Nje ya mlango wetu nilikuta viatu vingi. Ndani, viti vilikuwa vimetolewa, na akina mama wa kwetu walikuwa wameketi chini. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa maana yake.

"Ikala kwanza," tonton akasema, akinionyesha mkeka.

"Siikali. Sema."

"Maman bamemuua. Kwenye barabara, bantu balikuwa banakimbia. Bamemuzika palepale, kwenye kilima. Mutu mwenye alivuka mpaka amepiga simu."

Niliupiga ukuta kwa mkono wa kushoto, nikaupiga tena, nikapasua kioo cha kabati, mpaka wanaume wakaniangusha na kunilalia. Waliponiachia, tonton alikuwa ametandaza mkekani ramani yangu ya Kivu. Watu walitaka kujua ni kilima gani. Akakunja ngumi, akaiweka. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, kila mtu akimtaja mama kwa jina. Zamu yangu ikafika. Nikapeleka mkono wa kulia, na kile kidole kwenye bati kikasimama, kinamwelekea mama yangu.

"Weka wa kushoto," tonton akasema polepole. "Atasikia tu."

Mama yangu nimpe mkono wa kushoto? Hapana, jamani. Niling'oa bendeji kwa meno, nikatupa lile bati, nikakunja kidole. Mfupa ukasogea. Nilipiga ukelele mpaka watu wa mkahawa chini wakagonga dari, na hapo ndipo machozi yalipotoka. Lakini ngumi ilifunga, nikaiweka juu ya kilima.

Kadi walinipa, ninayo hadi leo. Kidole hakijanyooka tena.