Mkono wa Nyongeza

Ukitaka kumtukana Wilkista, mwambie amekupunja. Huko Walukuba, Jinja, hakuna aliyewahi kuthubutu. Mumewe alimtoa Busia akamleta kwenye zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa viwanda, na alipofariki, Wilkista aliweka gunia la njugu karanga mlangoni, akauza miaka ishirini na zaidi. Njugu hizo ndizo zilizomsomesha bintiye Sheryl hadi akapata kazi ya ukarani Mbale. Kipimo chake kilikuwa kikombe cha bati. Alikijaza mpaka kikafanya kilima, akamwagia mteja, kisha mkono ukarudi guniani kuchota nyongeza. Wauzaji wengine huitoa kwa vidole vitatu, kama wanaotia chumvi kwenye mboga. Wilkista alichota kiganja kizima.

"Kipimo ni cha biashara," alipenda kusema. "Nyongeza ndiyo ya moyo."

Maneno matamu, jamani. Nani angejua yangekuja kumliza?

Sheryl alimwachia mwanawe, Masinde, alipomwachisha ziwa. Mtoto alikuwa anakaribia miaka miwili na bado hajatembea, na miguu yake ilipinda kidogo. Daktari mmoja wa pale Jinja akasema mifupa inataka vitamini, akawapa chupa ndogo yenye kijibomba cha kudondoshea.

"Matone mawili kila asubuhi, mama," Sheryl aliagiza kabla ya kurudi kazini. "Mawili tu."

Matone mawili! Hata sisimizi hashibi. Usidhani Wilkista alikuwa mjinga. Dawa ya malaria aliiheshimu, akaipima kwa kijiko na kwa saa. Lakini hii kwake haikuwa dawa. Ilikuwa vitamini, chakula cha mifupa, na katika maisha yake yote hajaona mtoto aliyeumizwa na chakula, ameona wengi tu walioumizwa na kukikosa. Akakivuta kijibomba kikajaa hadi shingoni, akakikamulia kinywani mwa mjukuu. Masinde akalamba midomo, maana ilikuwa na ladha ya machungwa.

"Kukhu, ingine," akasema. Kukhu ndiyo bibi kwa Kiluhya chao. Sasa bibi gani angekataa? Mkono ukarudi chupani.

Chupa ya miezi kadhaa ikaisha kabla ya mwezi. Akanunua nyingine mwenyewe, wala hakumwambia Sheryl. Na kweli, siku moja Masinde alishika ukingo wa gunia, akasimama! Wilkista alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Kuanzia hapo, ungemwambia nini akakusikia?

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha sumu hujaa hivyo hivyo. Katika chupa ya tatu mtoto akaanza kukataa uji. Choo kikawa kigumu, akakaa siku tatu bila kwenda. Kiu ikamshika, akawa anakunywa maji na kukojoa, anakunywa na kukojoa, na miguu iliyosimama jana leo haikutaka hata kushuka mgongoni pa bibi. Wilkista aliona mtoto analegea, akasema moyoni kwamba vitamini haijatosha. Akaongeza ya jioni.

Jumamosi Sheryl alikuja, akamwona mwanawe, akashika kichwa. Hakungoja chai. Alimbeba siku ile ile kwenda naye Mbale, amlaze hospitali iliyo karibu na kazi yake. Huko walipima malaria, hakuna. Wakapima taifodi, hakuna. Waliuliza kama kuna dawa anayotumia, Sheryl akajibu hapana, na hakudanganya. Matone mawili ya vitamini, nani huyahesabu kuwa dawa?

Siku ya tatu akampigia mama yake simu akilia: mtoto anatapika, hamtambui tena. Wilkista alifunga gunia asubuhi ile akapanda basi. Hakubeba njugu wala nguo ya kubadilisha. Alibeba chupa, ameifunga kwenye ncha ya leso, kwa sababu aliamini mtoto anakufa kwa kukosa kile ambacho yeye peke yake alijua kumpa.

Akaingia wodini, akamwona Masinde macho yameingia ndani. Hakusalimia mtu. Alifungua leso, akajaza kijibomba, akainama.

"Mama, ngoja!" Alikuwa daktari Nandutu, binti wa Kigisu mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akimpima mgonjwa wa kitanda cha pili. Akaja akaichukua chupa, akaisoma. "Hii unapa yeye ngapi?"

"Matone mawili, daktari," Sheryl akadakia. "Mawili kila asubuhi. Nilimwagiza mwenyewe."

Hapo, ndugu yangu, mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Wilkista angenyamaza tu, na hakuna ambaye angejua. Alimtazama bintiye aliyekuwa anamtetea, akamtazama mtoto. Akaketi sakafuni.

"Si mawili," akasema. "Nilikuwa najaza. Na nyongeza juu. Asubuhi na jioni. Hii ni chupa ya tatu."

Daktari hakumfokea. Alisema vitamini hii ikizidi haitoki upesi, inabaki mwilini na kuijaza damu chokaa ya mifupa, na chokaa hiyo inaumiza figo. Alisema ni vizuri mama amesema, maana sasa wanajua pa kuanzia. Kisha akaita dripu.

Siku ile, na ya pili, na ya tatu, Sheryl alipita karibu na mama yake kama anayepita karibu na nguzo. Afadhali angetukana! Wilkista alifua nepi na kudeki chini ya kitanda, lakini hakumgusa mtoto. Aliiogopa mikono yake mwenyewe.

Siku ya sita Masinde alifumbua macho, akasema, "Kukhu, maji."

Daktari alikuwa amewaambia chokaa katika damu inashuka vizuri, ila figo zitapimwa tena na tena kwa miezi, na hawezi kuwaahidi kitu. Maziwa wasimpe. Maji, yoyote atakayotaka.

Sheryl alishika jagi, akasita, akampa mama yake. Wilkista alimimina. Maji yalipofika nusu ya kikombe akakatisha ghafla, akainua jagi juu, akakaza macho ndani ya kikombe kuona kama yamezidi. Masinde akanywa yote. Akanyoosha kikombe kitupu.

"Ingine."

Bibi hakusogea. Machozi yalikuwa yanamtoka, na jagi amelikumbatia kifuani.

Sheryl alimtazama mwanamke huyu ambaye Walukuba nzima haikuwahi kumwona akiuzuia mkono wake. Akaketi kando yake, akauchukua ule mkono na jagi lake, akauinamisha taratibu.

"Muongezee, mama," akasema. "Haya ni maji. Muongezee."