Kinyozi wa Ukoka

Pale klabuni walimwita Kinyozi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kukata nyasi, na hakuzikata, alizinyoa. Zile njia pana za katikati, ambazo kila mchezaji wa gofu huomba mpira wake uangukie, alizipitishia visu mpaka zikabaki kipara. Meneja wa uwanja ndivyo alivyotaka. Alisema wageni wanapenda kuona zulia.

Asiyejua mchezo huo hudhani nyasi ni nyasi, na asiyejua asibishane na wabeba mifuko ya fimbo. Kuna nyasi nene za ardhi yenye maji, ambazo mpira ukiziangukia hukaa juu kama yai juu ya pamba. Hata mtu wa kubahatisha akipitisha fimbo chini yake, mpira utapaa. Halafu kuna ukoka. Ukoka ni mgumu, unatambaa, na ukinyolewa juu ya ardhi kavu mpira unalala karibu na udongo wenyewe, hupati nafasi ya kupenyeza hata ukucha. Fimbo ikigusa ardhi nyuma ya mpira, kidogo tu, chuma kinadunda na kuugonga mpira kichwani, nao unakimbia chini kwa chini kama panya. Hapo ni lazima uguse mpira kwanza, ardhi baadaye. Ndiyo maana Kinyozi, akipita na mashine yake asubuhi, alikuwa akisoma makovu yaliyoachwa na fimbo ardhini. Kovu lililoanza nyuma ya mahali pa mpira, huyo alikosea. Kovu lililoanza mbele, huyo anaujua mchezo.

Aliyemkosesha raha ni mdogo wake wa kike. Alimlea tangu mama yao alipofariki, akamsuka nywele vibaya vibaya na kugombana na walimu wake wote. Watu walimwita Kibiriti, maana alikuwa mfupi, mwembamba na mwepesi wa kuwaka. Binti huyo alianza kubeba mifuko kwenye klabu ya kule mtoni, kwenye nyasi nene, na huko ndiko alikojifunza kucheza kwa fimbo za kuazima, mpaka waliomcheka wakanyamaza. Sasa alikuwa mtu mzima, na alitaka kitu kimoja tu duniani: cheti cha kufundisha gofu. Cheti hicho kilipatikana kwa mtihani wa kucheza, na mtihani ulifanyika hapahapa, kwenye kipara cha kaka yake.

Alishaanguka mara mbili. Mara zote mbili ilikuwa shimo la mwisho, mahali palepale: mpira umelala kwenye ukoka ulionyolewa, mbele bwawa, ng'ambo ya bwawa bendera. Mkono wake wa kule mtoni ulitaka kuchota mpira kutoka chini. Fimbo ikadunda, mpira ukaishia majini. Na chama cha gofu kilikuwa na sheria isiyo na huruma, kwamba anayeanguka mara tatu harudi tena. Atabeba mifuko ya wenzake mpaka magoti yakatae.

"Kaka, kumbe wewe ndiye unayeninyoa," alimwambia jikoni, baada ya kuanguka mara ya pili. Alianza kwa kucheka, lakini kicheko kilimwishia mdomoni, akalia huku kijiko kikiwa mkononi. Kinyozi aliisogeza sahani kando. Alishindwa hata kumaliza chakula chake.

Tangu siku hiyo, kila jioni Kibiriti alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye ule uwanja mkavu ulioshindiliwa kati ya ukuta na bomba la maji, akapiga mipira kwenye neti kuukuu. Kinyozi akiwa ndani anavua viatu vya kazi alisikia chuma kikigonga udongo, halafu fimbo ikitupwa ukutani, halafu matusi. Moyo ulimuuma, asiende kutazama. Nani anataka kumwona mtoto aliyemlea akiteseka?

"Unaendeleaje?" alimuuliza.

"Kaka, niache tu."

Msimu ukasonga. Matusi yakapungua, kisha yakaisha. Fimbo haikutupwa tena. Ilisikika sauti moja kavu, kimya, sauti nyingine kavu. Kinyozi akaona hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote. Mtu wa kuwaka akizimika hivyo, alijiambia, basi amekwisha kata tamaa, anapiga ili asionekane amelala.

Hapo ndipo alipopandisha visu.

Hakuvipandisha uwanja mzima, asingethubutu. Alivipandisha kwenye kipande kimoja cha shimo la mwisho, upande wa kushoto, pale ambapo mpira wa kwanza wa mdogo wake huangukia siku zote. Wanaume walikuwa wakipiga mbali zaidi, wakakivuka. Majuma kadhaa alikipitia kijuujuu, akakiongezea maji kukiwa bado hakujapambazuka vizuri, roho ikiwa mkononi, maana meneja akigundua angemfukuza papo hapo. Nyasi zikanenepa. Kwa mbali ulikuwa ukijani uleule. Kinyozi alijitetea moyoni kwamba hajampendelea mtu. Amemrudishia tu mdogo wake nyasi za kule mtoni.

Siku ya mtihani aliegesha mashine karibu na bwawa, akajifanya anakaza nati. Mbeba mifuko mmoja mzee akamjia mbio mbio.

"We Kinyozi! Mdogo wako leo kawaka kweli! Akiuvusha mpira bwawa hili ukatulia pale kwenye bendera, kapita!"

Mpira wa kwanza ulikuja ukaanguka kushoto, katikati kabisa ya kile kipande. Kinyozi alimshukuru Mungu kwa sauti. Alimwona mdogo wake akiufikia, akainama, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akainua kichwa, akaangaza huku na huku mpaka alipoiona mashine, na kaka yake amesimama kando yake.

Kinyozi akamwonyesha dole gumba.

Kibiriti aliugeukia tena mpira. Alitoa fimbo, akairudisha, akatoa nyingine. Alipopiga, mwili wake ulizunguka vizuri mno, na mpira ukapaa juu, ukalivuka bwawa, na Kinyozi akaanza kushangilia. Mpira haukushuka. Majani yalikuwa yameingia kati yake na chuma, chuma hakikuushika, ukateleza kama sabuni na kwenda mbali kuliko ulivyotumwa. Ulipita juu ya bendera, ukadunda mara moja, ukavuka ua na kutoka nje ya mpaka. Ikabidi apige mwingine kutoka palepale. Mkono ulikuwa umeshaogopa. Mpira huo ulizama bwawani, na msimamizi wa mtihani akaandika kitu bila kumtazama usoni.

Kibiriti alimfuata kaka yake kwenye banda la mashine, akakaa juu ya ndoo.

"Ulinionea huruma," alisema.

"Nilitaka upite, mdogo wangu."

"Ule mkono wa mtoni, wa kuchota, nilishauua, kaka. Msimu mzima kazi yangu ilikuwa kuuua, nijifunze kugusa mpira kwanza. Nimefika pale, nakuta nyasi zilezile nilizozikimbia."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuja kuona?"

Kinyozi alitaka kumshika bega, mkono ukamwishia njiani. Alilia mbele yake kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mama yao, akajifuta kwa kitambaa chenye grisi.

"Nakwenda kumwambia meneja," alisema. "Wakuruhusu urudie."

"Hawataniruhusu. Watakufukuza tu, halafu tutakula nini, ukoka?" Aliinuka. "Funga mdomo, kaka. Nakuomba."

Jioni hiyo, kabla ya kuingia ndani, Kinyozi alizunguka nyuma ya nyumba. Mdogo wake alikuwa amechora mistari ya chokaa kwenye udongo, na juu ya kila mstari ndipo alipokuwa akiweka mipira. Mistari ilianzia ukutani. Hiyo ya mwanzo ilikuwa imechimbwa nyuma yake vibaya, kama kuku wamepekua. Kuelekea katikati makovu yalikuwa yamechanganyika, mengine nyuma, mengine mbele. Na mistari ya karibu na bomba yote ilikuwa na makovu mbele tu, membamba, yamelingana. Kinyozi alichuchumaa akapapasa udongo nyuma ya mstari wa mwisho, akitafuta hata kovu moja la kosa. Hakuliona.

Aliinuka, akajipangusa udongo mikononi. Kupitia dirisha la jikoni alimwona mdogo wake amekaa, uzi mdomoni, akishona mkanda wa bega wa mfuko, ule wa kubebea fimbo za watu.