Wilma Alivyomcheka Mzee wa Mtoni

Wilma alikuwa na miaka sitini na mmoja, magoti mawili mabovu, na ulimi ambao kijiji kizima, pale kisiwani Alaska, kiliuheshimu kwa kuuogopa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwapeleka wageni msituni, kutoka gatini hadi kwenye jukwaa la mbao kando ya mto, wakawaone dubu wakivua samoni. Njiani hakumtaja dubu kwa jina. Kwao, Watlingiti, wenyeji wa asili wa pwani ile, dubu husikia kila anachosemwa hata akiwa ng'ambo ya mlima, kwa hiyo unamwita Babu, unamwarifu kwa sauti kwamba unapita, na hujigambi. Wageni walidhani ile sauti ni ya kuwatahadharisha wanyama tu. Haya, na kazi hiyo pia ilifanya.

Jambo moja Wilma hakuliweza: kuomba radhi. Marehemu mumewe alikaa naye miaka thelathini akingoja kusikia "samahani", akafa hajaisikia.

Kosa lilitokea Jumatatu. Kulikuwa na dubu dume mzee, sikio moja limechanika, ambaye Wilma alimjua tangu enzi zile akiingia mtoni wenzake wote wanampisha. Siku hiyo alijitupa majini mara tatu, mara tatu akatoka bila samaki, na hatua chache pembeni dubu jike kijana alikuwa akimalizia samaki wake wa nne. Wilma akaangua kicheko.

"Babu, nenda tu dukani ukanunue wa kopo!"

Wageni walicheka wakashika matumbo. Wilma alijiziba mdomo kwa kiganja, kama mama yake alivyokuwa akimziba utotoni, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mcheka kilema hafi bila kumfika, na yule hata kilema hakuwa, alikuwa amezeeka tu.

Kuanzia Jumanne dubu hawakuonekana tena. Yaani hawakuonekana kwa Wilma. Wageni wa asubuhi, waliopelekwa na Leonard, mwongozaji mwenzake, waliona saba, siku nyingine wanane. Wa mchana, wa Wilma, waliona mvua, kunguru na mifupa ya samaki. Ijumaa jioni Darrell, mtoto wa kaka yake, ambaye ndiye aliyesimamia safari hizo, alimwita ofisini.

"Shangazi, siku ya nne leo. Wageni wananung'unika."

"Mto umefura. Mvua hujaiona?"

"Kwa Leonard haujafura?"

"Muulize mwenyewe. Labda anajipaka asali."

Darrell hakucheka. "Umemsema nani vibaya kule mtoni?"

"Mimi?"

"Nakujua, Shangazi. Ulimi wako hutangulia, wewe unafuata nyuma unahema."

"Sijamsema mtu." Na kweli, hakuwa amemsema mtu.

"Basi sawa. Kesho wasipoona kitu, Jumatatu unakaa hapa dirishani, unakata tiketi. Na hayo magoti yatapumzika."

Wilma alitoka bila kuaga. Kukaa nyuma ya kioo, akiangalia wengine wanaingia msituni bila yeye! Aliogopa. Katika maisha yake yote hakuna dubu aliyewahi kumtia hofu kama lile dirisha.

Jumamosi alikuwa na wageni tisa. Mwanzoni mwa njia, chini ya misonobari, aliwasimamisha, akavua kofia mvua ikimnyeshea, akasema kwa Kitlingiti, kwa sauti, maneno ambayo mama yake aliwahi kumfundisha na ambayo hakuwa ameyatumia hata siku moja. Alipomaliza, wageni wakapiga makofi. Mama mmoja aliyevaa koti la njano akainua simu.

"Samahani, unaweza kurudia? Sikurekodi mwanzo."

Damu ilimpanda Wilma. Jibu lilikuwa tayari ulimini, na lilikuwa jibu la kumpeleka mtu dirishani moja kwa moja. Akalimeza.

"Hii si ngoma, mama," alisema. "Jumatatu nilimcheka mzee mmoja hapa mtoni, kwa sababu meno yamemwisha na samaki wanampita. Nilikosea. Nilikuwa namwomba msamaha."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mama aliitia simu mfukoni.

Jukwaani walikaa saa nzima. Samoni walikuwa wamejaa mtoni, mgongo juu ya mgongo, na hapakuwa na wa kuwala. Wilma alishaanza kujifikiria nyuma ya kioo pale majani ya ng'ambo yalipotikisika, akatokea Mzee, peke yake, sikio lake lilelile. Akajitupa, akakosa. Akajitupa tena, akakosa. Wageni tisa walibana pumzi. Mara ya tatu aliibuka na samaki mnene anapapatika mdomoni, akaenda naye kwenye changarawe, akaanza na mayai ya tumboni mwake.

Wilma aliinuka ili asogee kuwapisha wa nyuma waone. Goti la kulia likagoma, buti likateleza kwenye mbao zilizolowa, akaanguka matako chini kwa kishindo kilichosikika mto mzima. Mzee aliinua kichwa. Walikuwa umbali wa hatua thelathini. Alimtazama Wilma pale alipokaa, miguu imetanuka, kofia imemfunika jicho. Alimtazama kitambo, kisha akarudi kwa samaki wake.

Simu ya upepo ikakoroma kiunoni mwa Wilma.

"Shangazi, vipi, mmeona?"

"Tumeona. Mzee mwenye sikio."

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Nimekaa chini. Nimeanguka mbele yake, Darrell, kama gunia la viazi."

Darrell naye alilelewa na bibi yake, mama yake Wilma.

"Amefanya nini?"

Wilma alijifuta mvua usoni, na si mvua peke yake.

"Hakunicheka," alisema.

"Haya," alisema Darrell. "Jumatatu saa saba mchana, wageni kumi. Uje na fimbo."