Fundo la Begani

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa pamba, mjukuu wangu, wakati wa Mwingereza, nilipoinuka kutoka kwenye jiwe la kusagia wimbi na shingo ikakataa kugeuka. Nilikuwa bibi harusi mpya, Msamia wa Lunyo niliyeolewa Kisoko kwa Wapadhola, na sikujua hata kuomba chumvi kwa lugha yao. Tulielewana kwa Kiswahili cha sokoni, kile cha kuvunjavunja. Usicheke, ndicho tulichochumbiana nacho mimi na babu yako.

Maumivu yalianza begani, yakapanda nyuma ya sikio, yakatua juu ya jicho. Yalipoa kidogo, kisha yakarudi. Dresa wa zahanati, yule mfunga vidonda, alinipima homa, hakuona kitu, akanipa vidonge na pole nyingi. Vidonge vilipoisha, kichwa kilikuwa palepale. Mawifi wakaanza kusema kaka yao ameoa mvivu, maana ugonjwa gani huo hauna jeraha wala uvimbe? Maneno yakawafikia wazee wa ukoo, nao wakaona heri nirudishwe kwetu. Mume wangu Okoth alikaa kimya. Nilimpenda sana, mwanangu, na kimya chake kiliniuma kuliko shingo.

Akaitwa shangazi yake, Athieno, kutoka Mulanda, aje asikilize shauri hilo. Yule mama hakuuliza mtu. Alinikalisha juu ya ngozi ya ng'ombe, akapitisha vidole begani polepole, kama mtu anayetafuta kijiwe ndani ya wimbi. Akafika mahali, akabonyeza. Jicho likawaka moto.

“Nauma wapi?”

“Kwa jicho, mama!”

“Mimi nashika bega, yeye nasikia kwa jicho,” akawaambia mawifi. “Huyu mtoto hadanganyi. Iko fundo hapa ndani.”

Nililia, si kwa maumivu ila kwa sababu nimeaminiwa. Akachovya kitambaa katika maji ya moto, akanikanda nacho, akapaka mafuta ya simsim na kubonyeza lile fundo taratibu mpaka likaanza kulegea. Kisha akasema, “Leta mimi pahali unasagia.”

Jiwe letu lilikaa juu ya kitako cha udongo alichojenga marehemu mama mkwe wangu kwa mikono yake. Alikuwa mfupi. Mimi nimerefuka kama baba yangu, kwa hiyo nilisaga nikiwa nimejikunja, mabega yakiwa masikioni. Shangazi alitazama mara moja tu.

“Hii ni ya mtu mfupi. Inueni.”

Hakuna aliyesogea. Jiwe lililowekwa na marehemu halikuguswa, maana waliogopa atachukizwa na watu wa nyumba yake. Nikajua mwisho wangu umefika: nikiendelea kusaga vile nitaumia, nikiacha nitafukuzwa.

Kesho yake niliporudi kutoka kisimani nilimkuta baba mkwe amepiga magoti penye jiwe, udongo umemfika kwenye viwiko. Kwa desturi yao hakutakiwa kukaa karibu nami wala kunitazama usoni, na hakunitazama. Alikuwa akilia.

“Mama yao alikuwa mtu mzuri,” alisema, macho yakiwa kwenye udongo. “Hawezi kutaka mtoto wake naumia.”

Okoth akaja bila kuitwa, akaanza kumkandia baba yake udongo wa kuinulia kitako. Suala la kunirudisha Lunyo likaishia hapo.

Sitakudanganya kwamba nilipona kabisa. Kila palizi bega hunikumbusha, nami hulikanda kwa maji ya moto, hulinyoosha taratibu, hupumzika kabla halijakasirika. Ganzi au homa ikiingia, nakwenda hospitali bila kubishana.

Basi mwanangu, mwili ukikuuma usingoje damu itoke ndipo ujihurumie. Tafuta chanzo, hata kama kiko mbali na panapouma, na kazi inayokukunja ibadilishe. Mtu akikuambia anaumia nawe huoni kitu, mwamini kwanza, maswali yaje baadaye. Mimi niliaminiwa nikiwa mgeni, na ndiyo maana wewe upo.

Mungu alinde mgongo wako na mabega yako. Akujalie watu watakaokugusa kwa upole siku utakayoumia, na mikono yako wewe isimwumize mtu.