Mwenye Kigoda Hajulikani

Sitaki kubishana na mtu. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, ndani ya maktaba ya chuo hapa Bariadi, na akili zangu zilikuwa timamu. Usingizi ndio sikuwa nao. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi uishe, kwa sababu mimi mpaka leo nikikaa peke yangu nageuka nyuma.

Binti yangu Glory alikuwa mchanga bado, na alikuwa analia. Usiniambie watoto wote hulia, hilo nimeshaambiwa na nusu ya Bariadi. Huyu alilia kama mtu anayeita. Akinyonya anaachia titi katikati, analia. Akisinzia anashtuka, analia. Hospitali walimpima wakasema ni tumbo tu, tukapewa dawa ya tumbo. Lakini kila nilipompeleka kliniki uzito ulikuwa umepungua, na nesi aliyekuwa akinitania akaacha kunitania. Niliogopa, nakwambia ukweli. Niliona mtoto ananiponyoka mikononi.

Mama mkwe wangu alisema mtoto analilia jina. Kwetu Usukumani mtoto akilia hivyo, wazee husema kuna mtu wa ukoo aliyekufa anataka kuitwa tena. Mimi nafanya kazi chuoni, mambo hayo nilikuwa nayapitia pembeni, lakini ukishakesha vya kutosha utakubali chochote. Tukakaa naye, mama mkwe akataja majina ya bibi zetu, moja baada ya jingine, akisubiri anyamaze. Ya upande wangu nilimpigia mama yangu simu kule Bukundi, akatutajia yote. Yote, alisema. Glory hakunyamaza kwa jina hata moja.

Katikati ya hayo ikaja Siku ya Kusoma Pamoja. Maktaba yetu huwa inawaalika watu wa mitaani, wanafunzi wanawasomea wazee na watoto hadithi chini ya turubai, na ndani tunapanga maonyesho. Safari hiyo tuliamua kuonyesha vyombo vya jikoni vya zamani, kila mfanyakazi alete kitu kutoka kwao. Nikaenda Bukundi kwa mama, anakoishi peke yake tangu baba afariki. Jikoni kwake kulikuwa na kigoda kimetundikwa ukutani, cheusi kwa moshi, nilikuwa nakiona tangu utotoni na sijawahi kuona mtu amekikalia.

"Mama, hiki kilikuwa cha nani?"

"Sijui. Nilikikuta humu humu." Alikuwa anachambua mlenda, hakuinua uso. "Huko watakikalia?"

"Hapana, ni cha kuangalia tu."

"Basi chukua."

Akakifunga kwenye kanga yake mwenyewe, fundo zuri, taratibu. Kitu usichokijua unakifunga hivyo? Mimi sikufikiri, nilikuwa na mtoto analia mgongoni.

Mkuu wetu wa maktaba, Madam Restituta, ni mtu wa utaratibu. Kila kifaa lazima kiwe na kadi: ni nini, kimetoka wapi, mwenyewe nani. Nikamwambia cha kwetu mama hamjui mwenyewe. "Andika hajulikani," akasema. "Ndivyo tunavyofanya." Nikaandika, nikaiweka kadi mbele ya kigoda, nikaenda kumbembeleza mtoto.

Siku yenyewe ilipofika nilikuwa nimepangiwa kuwasomea akina mama. Niliitamani ile nafasi, nilikuwa nimefanya mazoezi hata mbele ya kioo. Nikashika kipaza sauti, sijamaliza ukurasa, Glory akaanza. Watu wakavumilia, wakavumilia tena, mwisho Madam akaja akaniambia sikioni, kwa upole, niingie ndani kidogo. Niliingia nimevimba kwa hasira. Nilimkasirikia Madam, nikamkasirikia mume wangu aliyekuwa Lamadi kwenye biashara yake ya samaki, na Mungu anisamehe, nilimkasirikia hata mtoto.

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa mtupu, watu wote wako kwenye turubai. Nikawa nazunguka meza, nampigapiga mgongoni, nazunguka. Halafu Glory akanyamaza.

Wewe hujui kimya kile kilikuwaje kwangu. Nilisimama palepale nikidhani amekufa. Nikageuza shingo kumtazama, nikakuta macho yake wazi, anaangalia kitu mbele yangu. Nikaangalia na mimi. Bibi mmoja alikuwa amekaa juu ya kigoda chetu.

Niamini, sikuogopa. Niliudhika. Nilidhani ni mmoja wa wazee wa turubai aliyechoka jua. "Bibi, hapo hapakaliwi," nikasema, halafu nikaona aibu, maana mtu mzima huanzi kumkemea kabla ya kumsalimu. Nikapiga goti, nikamwamkia kwa Kisukuma kama mama yangu. "Mwadila, mayu."

"Mwadila. Wewe ng'wana nani?"

Mtoto wa nani, aliuliza, nikamtajia baba yangu. Akauliza mama yangu ni binti wa nani, nikamtajia. Ndiyo salamu yetu, lazima ujieleze unatoka wapi, sikuona ajabu. Macho yake yalikuwa mekundu, ule wekundu wa mama aliyepikia moto wa samadi kavu ya ng'ombe maisha yake yote ndani ya jiko lisilo na dirisha. Akanyoosha kidole kwenye kadi.

"Hapo mmeandika nini? Mimi sikusoma."

Nikamsomea. "Kigoda cha jikoni. Kimetoka Bukundi, Meatu. Mwenyewe hajulikani."

"Hajulikani na nani?"

Nimesoma mambo ya maktaba, nimeandika neno hilo kwenye vitu vingi, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Soma tena," akasema. Nikasoma tena. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema bila ukali wowote, "Kwandu ng'wana Masunga. Andika."

Jina lilipotoka tu kinywani mwake, nilimhisi Glory analegea mgongoni, mwili mzima, akawa mzito. Alikuwa amelala. Nikachomoa kalamu kwenye nywele, nikakata lile neno, nikaandika juu yake Kwandu ng'wana Masunga. Nilipoinua kichwa kigoda kilikuwa kitupu. Ukumbi ule una mlango mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa karibu nao.

Nikatoka mpaka kwa Masalu, mlinzi wetu anayekaa kwenye meza ya mabegi. Nikamuuliza kama kuna bibi amepita.

"Bibi yako?" akasema. "Si mliingia naye wote asubuhi?"

"Masalu, mimi nimekuja na mtoto tu."

Akanitazama kama namtania. "Sasa yule anayekuja nyuma yako kila siku ni nani? Tangu umerudi likizo ya uzazi. Mimi namsalimia, yeye anaitikia kwa kichwa. Nikajua ni bibi, anakusaidia mtoto."

Nilikaa chini, kwenye sakafu, na gauni langu zuri la kusomea. Kila siku nyuma yangu, na mimi nimo kwenye kulaumu dawa ya tumbo.

Nikampigia mama. Sikumsimulia chochote, nilimuuliza tu, Kwandu ng'wana Masunga ni nani?

"Nani amekutajia jina hilo?"

Nikamwambia. Mama yangu si mtu wa kulia, lakini alilia. Kwandu alikuwa bibi yake, ndiye aliyemlea. Ng'ombe wa jirani walikufa, watu wakatafuta wa kumlaumu, wakayaangalia macho yake mekundu wakasema ni mchawi. Walikuja jioni na mapanga. Mama alikuwa msichana mdogo, amejificha nyuma ya ghala, alisikia yote. Baada ya hapo wakubwa walisema jina lile lisitajwe tena nyumbani, wasije wakaitwa ukoo wa wachawi, na mtoto yeyote asipewe. Kigoda hakukikuta kwa baba. Alikuja nacho alipoolewa, na ndicho kitu pekee alichokichukua kwao.

"Kwenye yale majina nilimruka," akasema. "Niliona nakukinga wewe na mtoto."

Tulimbadilisha mtoto jina wiki hiyo hiyo. Kwandu wangu sasa anatembea, ni mnene, na analala usiku kucha. Kanisani bado ni Glory, nyumbani ni Kwandu. Mimi ndiye nisiyelala. Kila nilipofika kazini nilikuwa natazama uso wa Masalu kwanza, nione anamsalimia nani, na kila siku alikuwa anasalimia mara mbili.

Mama alikataa kulitaja lile jina kwa muda mrefu, alimwita mtoto "mjukuu" tu. Halafu siku moja akaja Bariadi bila kuniarifu, akaomba nimpeleke maktaba. Akasimama mbele ya kigoda, bado kiko pale ukumbini na kadi yake, mkoba kwapani. "Nisomee," akasema. Nikasoma kadi. Mama yangu, na magoti yake yale mabovu, akapiga goti kwenye vigae vya chuo, wanafunzi wanatazama, akasema, "Mwadila, mayu. Nisamehe." Kisha akafunga kigoda kwenye kanga, na Madam Restituta, mtu wa utaratibu, akamfungulia mlango.

Nilipotoka kazini jioni Masalu alinisalimia mara moja.

"Leo uko peke yako," akasema. "Bibi ameondoka na mama yako."

Tangu hapo nampigia mama kila jioni. Ananiambia amekula, hajambo, magoti yamepoa. Sauti yake imekuwa nyepesi, siwezi kusema ana huzuni. Lakini nyuma yake nasikia mwiko ukigonga sufuria, mtu anasonga ugali, na mama anaishi peke yake. Sijamuuliza. Wewe ungemuuliza?

Kwa hiyo sikiliza, hasa wewe unayefanya kazi na vitu vya watu. Kabla hujaandika kwamba mwenyewe hajulikani, piga simu kwenu. Na wakikwambia hawajui, waangalie mikono wanavyokifunga hicho kitu. Uliza tena hapo hapo, kabla mwenyewe hajaja kukuuliza wewe.