Moyo wa Dada na Mlango wa Mfereji

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi, wiki iliyopita, daktari mmoja wa mtaa wa Kimandolu, mjini, aliponiruhusu kusikiliza moyo wa dada yangu kwa stetoskopu. Sauti ile niliitambua mara moja. Mara ya kwanza niliisikia nikiwa na miaka tisa, katika zahanati ya kijijini kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Meru.

Enzi zile, rafiki yangu, kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji ya mfereji. Kazi yangu ilikuwa kuchunga mlango wa mfereji wetu: ubao mmoja uliozibwa kwa udongo na maganda ya mgomba. Bibi alisema maji hutoroka kimya kimya, kwa hiyo nilijifunza kusikiliza. Mlango uliofungika vizuri ulinyamaza. Uliovuja ulivuma, fyuuu, hata kama jicho halikuona tone.

Mwaka ule dada alianza kuhema akipanda kwenda kuchuma kahawa. Miezi michache kabla, koo lilimuuma, kisha magoti yakavimba. Tulimwita mvivu. Mimi nilimcheka kuliko wote.

Baba alipotupeleka zahanati, muuguzi alisema vali, yaani mlango mmoja wa moyo wake, inavuja na damu inarudi nyuma. Alihitaji sindano kila mwezi, kwa miaka, moyo usije ukaharibika zaidi. Sindano zilikuwa mjini. Kwa nauli, baba angelazimika kumuuza mtamba wetu wa pekee, ng'ombe ambaye hajazaa bado. Baba akavaa stetoskopu, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Nasikia moyo, basi. Mtoto anamaliza sahani ya ndizi, anacheka. Vaa nguo, twende."

Dada akaanza kufunga vifungo.

"Mzee, hebu mwache mdogo wake asikilize," muuguzi akasema.

Akanivalisha kile chombo masikioni, akakiweka chini ya titi la kushoto la dada. Sikusikia kitu. Baba alikuwa ameshashika kitasa. Nikafumba macho. Du, fyuuu, ta. Du, fyuuu, ta. Muuguzi akakisogeza kuelekea kwapani, mvumo ukafuata.

"Baba, unavuja."

"Wapi?"

"Kati ya pigo la kwanza na la pili. Pale panapotakiwa kunyamaza."

Baba akarudi, akavaa tena, akafumba macho kama mimi. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipovua, alimfunga dada vifungo vilivyobaki.

Mfereji ule umekauka, juu yake zimejengwa nyumba za kupangisha. Muuguzi hayupo, baba hayupo. Dada ana wajukuu, ingawa ngazi humchosha. Na baba, hadi uzeeni, kila alipomwona akipita uani, alitutajia hasara yake huku akitabasamu: mtamba mmoja, shilingi elfu moja na mia mbili.